Tulijue Swali, Tusimwinde Muulizaji

(Maneno niliyosema kwenye semina ya vijana wanaosimamia tovuti na kurasa zetu)



Mimi nasoma sheria, siyo kompyuta. Ila mwaka jana nilikabidhiwa tovuti ya vijana wa wilaya yetu, na kuna kitu kilinisumbua sana.

Ukifungua Google Analytics kutaka kujua watu waliandika nini Google hadi wakafika kwenu, karibu wote wamerundikwa kwenye mstari mmoja unaosema neno halikutolewa. Usidhani umekosea. Google ilianza kuficha maneno hayo Oktoba 2011 kwa waliokuwa wameingia kwenye akaunti zao. Kufikia mwishoni mwa 2013, karibu yote yalikuwa yamefichwa.

Sasa tufanyeje? Fungua Search Console. Ni ya Google wenyewe, ni bure. Inakuonyesha maneno yaliyoandikwa, ukurasa wenu ulitokea mara ngapi, ulibonyezwa mara ngapi na ulikuwa nafasi ya ngapi, hadi miezi 16 nyuma. Haisemi nani aliandika, na maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno haiyaonyeshi. Kisha rudi Analytics uangalie ukurasa ambao mgeni aliingilia. Mlango aliopitia unakudokezea alichokuja kutafuta. Na kama tovuti yenu ina kisanduku cha kutafutia, soma yanayoandikwa humo.

Niwape mfano. Niliandika ukurasa wa dhamana ya polisi, nikaupa kichwa cha kisomi: "Masharti ya Dhamana kwa Mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai." Nikajiona wakili kabisa! Search Console ikaniumbua. Ukurasa unatokea, watu wanaupita. Wao walikuwa wameandika "ndugu yangu amekamatwa nifanye nini." Jamani, huyo mtu ana haraka, pengine yuko nje ya kituo muda huo. Jibu lake nilikuwa nalo, nimelifungia kwenye Kiswahili cha mahakamani. Nikabadilisha kichwa kikawa swali lake lilelile. Wakaanza kuingia.

Mwenzetu mmoja akashauri tutafute programu ya kufichua nani hasa anatutembelea. Nilikataa. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hatuwezi kudai haki mchana, usiku tunachungulia watu. Halafu fikiria mama ambaye mwanawe yuko mahabusu. Akihisi anafuatiliwa, hatauliza tena, kwetu wala kwingine.

Kwa hiyo ukifika nyumbani, fungua Search Console, chagua ukurasa mmoja unaoonekana sana na kubonyezwa kidogo. Uandike upya kwa maneno ya wanaouliza. Wiki ijayo tuambiane umebadilisha nini.