Anayemtetea Mshtakiwa Anatulinda Sote



Juni 23, 2025, Mahakama Kuu mjini Mtwara iliwahukumu maofisa wawili wa Jeshi la Polisi kunyongwa hadi kufa kwa kumuua kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea. Kijana huyo aliuawa Januari 2022, wakati akifuatilia fedha zake zilizokuwa mikononi mwa polisi. Kesi ilikuwa na washtakiwa saba. Wawili walitiwa hatiani, watano wakaachiwa huru.

Marehemu alikuwa mtoto wa huku kwetu, na uchungu wa kesi ile haujaisha. Katika kesi kama hiyo swali moja halikosi kuulizwa vijiweni: hawa mawakili wanaowatetea watu wa namna hii, hawaogopi hata Mungu? Wapo wanaomhesabu wakili wa mshtakiwa kuwa mshirika wa muuaji, na hata kesi ikiisha jina hilo linamfuata.

Mimi nasema wakili huyo tunamhitaji, na anayemhitaji kuliko wote ni yule aliyefiwa. Itazame hukumu ya Mtwara. Washtakiwa saba hawakuchotwa kwa pamoja wakatupwa kapu moja. Ushahidi ulipimwa kwa kila mtu peke yake: unamgusa nani, na nani haumfikii. Upimaji wa namna hiyo unataka mtu wa kusimama mahakamani akahoji kila shahidi na kila karatasi. Wahenga walisema msema pweke hakosi. Mahakama ikisikiliza upande mmoja tu, kila anayefikishwa kizimbani ataonekana muuaji. Waliotiwa hatiani nao sheria inawapa nafasi ya kukata rufaa, na hatia inayotoka salama katika maswali yote hayo ndiyo inayowapa ndugu wa marehemu haki isiyotikisika.

Sasa tuwaache maofisa wa polisi, tumtazame mkulima. Huku kwetu watu hushtakiwa kwa mauaji yaliyoanzia kwenye mpaka wa mikorosho, kwenye ugomvi wa kilabuni, au kwenye tuhuma za uchawi dhidi ya mzee wa watu. Mkulima huyo akishakamatwa, dhamana hana, maana kosa la kuua halina dhamana. Atafikishwa Mahakama ya Wilaya, ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza kesi yake, na ataambiwa mara kwa mara kwamba upelelezi haujakamilika. Mpaka kikao cha Mahakama Kuu kinapofika, mikorosho yake imekwisha kuota msitu.

Kwa kuwa hana fedha, atapewa wakili na mahakama. Hapo ndipo penye jeraha. Wapo washtakiwa wanaomwona wakili wao kwa mara ya kwanza siku ileile wanayosomewa shtaka Mahakama Kuu. Wanasalimiana, wanaongea dakika chache askari magereza akiwa kando, kisha inaanza kesi ambayo mwisho wake unaweza kuwa kitanzi.

Uchache wa dakika hizo unapoteza nini? Tuseme usiku wa tukio mkulima huyu alilala Nachingwea kwa shemeji yake. Sheria inamtaka atoe taarifa mapema kwamba atajitetea kwa kutokuwepo eneo la tukio. Asipotoa, mahakama inaweza kutoutilia maanani utetezi huo. Shemeji yupo, angeweza kuja kusema, lakini hakuna aliyemtafuta.

Au tuseme shahidi anadai alimtambua usiku, kwa mwanga wa kibatari. Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufani iliweka wazi mambo ya kupimwa: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, akiwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na je, alikuwa akimfahamu kabla. Wakili aliyejiandaa atauliza kibatari kilikuwa juu ya meza au sakafuni, mlango ulikuwa wazi au umerudishwa, muuaji alikuwa amempa shahidi uso au mgongo. Wakili aliyepewa jalada asubuhi atauliza maswali mawili na kukaa.

Hali ni hiyohiyo kwa maelezo ya onyo ambayo polisi walimwandikisha mshtakiwa kituoni. Yalichukuliwa saa ngapi, ndani ya muda uliowekwa na sheria? Kwa hiari au kwa kipigo? Wakili asipopinga kupokelewa kwake, yataingia kama ushahidi, na baadaye kuyaondoa ni kazi kubwa.

Taifa letu limewahi kuona kesi isiyo na mtetezi inavyokuwa. Baada ya Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Karume, kuuawa Aprili 7, 1972, kesi ya walioshtakiwa ilifunguliwa Zanzibar mwaka uliofuata. Washtakiwa hawakuruhusiwa kuwa na mawakili. Mwanasheria Mkuu aliyeendesha mashtaka ndiye aliyebebeshwa na utetezi. Hukumu ya 1974 iliwapa wengi adhabu ya kifo, akiwemo mwanasiasa Abdulrahman Babu, ambaye hata mahakamani hakuwepo. Aliachiwa huru kutoka kizuizini mwaka 1978. Imepita nusu karne, na ubishi juu ya nani alihusika na nani alionewa haujafungwa. Waliompoteza Mzee Karume nao walistahili hukumu isiyobishaniwa.

Katika kosa la kuua kwa kukusudia, Kanuni ya Adhabu inamfunga jaji mikono: akiona hatia, lazima atamke kunyongwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema Novemba 28, 2019 kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Ni kweli tangu 1994 hapa nchini hajanyongwa mtu, lakini wapo wanaoamka kila siku wakiisubiri adhabu hiyo. Penye adhabu ya namna hii, uzembe wa wakili hauwezi kuitwa bahati mbaya.

Sheria ya Msaada wa Kisheria tunayo tangu 2017. Naomba itekelezwe kwa uzito huu: mshtakiwa wa mauaji apewe wakili tangu jalada likiwa Mahakama ya Wilaya, wakili huyo awezeshwe kumfuata mteja wake gerezani na kufika kijijini kwenye tukio, na alipwe malipo yanayofanana na kazi ya kuokoa roho. Mawakili nao, atakayeipokea kesi ya maskini aifanye kama ya tajiri. Asiyeweza aiache mapema, apewe mwingine. Na sisi ndugu tusingoje siku ya hukumu ndipo tuangue kilio. Wakili akishateuliwa, mfuateni, mpeni majina ya mashahidi, mwonesheni njia na nyumba.

Mtu atakayekamatwa kesho kwa mauaji anaweza kuwa ndiye aliyeua, na anaweza kuwa jirani yako aliyelala ugenini usiku ule. Kelele za kijijini haziwezi kuwatenganisha watu hao wawili. Maswali ya wakili aliyejiandaa yanaweza, na kuyalipia ni wajibu wa Serikali inayoomba kifo cha mshtakiwa.