Ongezeko la Uzito kwa Mjamzito Aliyewahi Kufanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Unene: Mambo ya Kuzingatia Katika Kliniki za Kitale, Suam na Bungoma



Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kumhudumia mjamzito anayeongezeka uzito ilhali aliwahi kufanyiwa upasuaji wa kupunguza unene. Mwaliko ulinitaka nianze na maana ya istilahi. Nitazipitia kwa haraka kwa kuwa wengi wenu, wauguzi, wakunga, maafisa wa kliniki na maafisa wa lishe wa Trans Nzoia na Bungoma, mnazijua.

1. Maana na usuli

Unene wa kupindukia tunaupima kwa BMI, yaani uwiano wa uzito na kimo, na mpaka wake ni 30. Operesheni zinazofanywa zaidi ni mbili. Ya kwanza hukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kubakiza mfano wa mrija mwembamba. Ya pili huacha kifuko kidogo sana na kukiunganisha na utumbo mwembamba, hivyo chakula huruka sehemu ya njia yake ya kawaida. Kunyonya mafuta chini ya ngozi hakumo humu. Puto la tumboni nalo ni jambo jingine, na huondolewa mimba ikishika.

Mtu anaweza kuuliza mambo haya yanatuhusu nini sisi wa huku, kwa kuwa operesheni hizi hufanywa hasa katika hospitali za kibinafsi za Nairobi, na wengine husafiri hadi India au Uturuki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa KDHS wa 2022 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi au unene. Anayeweza kulipia upasuaji ataufuata uliko. Akishapona hurudi kwake Kiminini, Endebess, Kimilili au Webuye, na akipata mimba huja kwenu. Mwingine atavuka daraja la Mto Suam kutoka Bukwo akiwa na kijitabu cha Uganda mkononi. Daktari aliyempasua yuko mbali, na aliye karibu ni wewe.

2. Faida na hasara

Upasuaji huu una faida kwa uzazi, na ni lazima tuseme hivyo waziwazi. Utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2015 uliwalinganisha wajawazito waliofanyiwa upasuaji na wenzao waliokuwa na unene kama waliokuwa nao kabla ya kupasuliwa. Kisukari cha mimba kiliwapata asilimia 1.9 ya waliopasuliwa, dhidi ya asilimia 6.8 ya wenzao. Watoto wakubwa kupita kiasi walikuwa asilimia 8.6 dhidi ya 22.4. Lakini watoto wadogo kuliko umri wa mimba walikuwa asilimia 15.6 dhidi ya 7.6, yaani mara mbili. Naomba takwimu hiyo ya mwisho iandikwe kwenye daftari zenu na ipigiwe mstari, kwa sababu kliniki zetu zimezoea kuogopa mtoto mkubwa kwa mama mnene. Hapa wa kuogopwa zaidi ni mtoto mdogo.

3. Kilo ngapi?

Miongozo ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya 2009 ndiyo inayotumika kwa wingi. Mwenye BMI kati ya 18.5 na 24.9 aongeze kilo 11.5 hadi 16. Wa 25 hadi 29.9 aongeze kilo 7 hadi 11.5. Wa 30 na zaidi aongeze kilo 5 hadi 9. Hesabu ianzie kwenye uzito aliokuwa nao mimba ilipoanza. Uzito wa kabla ya upasuaji usiingizwe hapa.

4. Tatizo lenyewe

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelisemea katika vikao vingi, na ambalo kila mara hupitishwa kwa makofi kisha likasahaulika. Mama hasemi kwamba alipasuliwa, nasi hatumuulizi. Kwa hiyo mizani inasomwa na mtu asiyejua anasoma nini.

Tuchukue mama wa mfano. Kimo chake ni mita 1.62. Kabla ya operesheni alikuwa na kilo 118, na alipopata mimba alikuwa na kilo 82. BMI yake ni 31. Anakuja kliniki wiki ya 28 akiwa na kilo 81. Foleni ni ndefu, benchi limejaa, muuguzi ni mmoja. Anapanda mizani, anaandikiwa 81, anaambiwa, "Hongera mama, hujanenepa." Mama anatabasamu, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyotamani kuyasikia. Utepe ungewekwa tumboni ungesoma sentimita 24, pungufu kwa nne. Mtoto hakui, na mama amepongezwa kwa hilo.

Yeye anaona nini? Alilipa pesa nyingi, akavumilia kidonda, akaishi kwa supu na maji ya kunywa kwa kijiko, mpaka kilo 36 zikamtoka. Kila kilo inayorudi anaiona kama operesheni inayoharibika. Akiona tumbo linachomoza na mapaja yanajaa, anapunguza chakula. Wapo wanaojitapisha. Si ukaidi, ni hofu, na hofu hiyo haiondolewi kwa kukemewa mbele ya watu kumi.

Mwelezeni kilo hizo zinakwenda wapi. Katika ongezeko la kawaida la kilo 12.5, mtoto huchukua karibu 3.4. Damu iliyoongezeka ni kama kilo moja na nusu, na maji ya mwilini karibu kiasi hichohicho. Mfuko wa uzazi huongezeka kwa karibu kilo moja. Kondo la nyuma, maji ya uzazi na matiti hugawana kama kilo mbili. Mafuta ni kilo 3.3 tu. Mama akichorewa hesabu hii kwenye karatasi huanza kutulia, na kazi yenyewe haimalizi dakika tano.

Upande wa pili kuna nyumbani. Mama mkwe anapakua sahani ya ugali iliyojaa na kusema ale kwa ajili ya watu wawili. Sahani hiyo haiingii, kwa sababu kifuko hakina nafasi. Kipande cha nyama choma kinakwama kifuani. Kinachopita bila taabu ni chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, mandazi yaliyochovywa, soda. Hivyo mama yuleyule anaweza kunenepa huku akiwa na njaa ya protini na madini. Mizani itasema ameongeza kilo 10, na damu itasema hana chuma. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kilo peke yake haitoshi kumhukumu mama huyu, iwe imepanda au imeshuka.

Kwa nini hasemi? Katika sehemu zetu mwanamke aliyekuwa mnene akakonda kwa miezi michache huanza kusemwa kuwa ana ukimwi. Akitaja upasuaji, atasemwa kuwa alikula pesa za mahindi kwa sababu ya urembo. Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kina mahali pa kuandika upasuaji aliowahi kufanyiwa mama. Lakini kijitabu hicho hulala mezani nyumbani, na mume, wifi na mama mkwe hukisoma. Muuguzi naye huuliza swali lenyewe mama mkwe akiwa ameketi kando, na jibu huwa ni "hapana", au huandikwa upasuaji wa kujifungua na mambo yakaishia hapo. Makovu ya upasuaji wa kamera ni madogo mno, kama alama za sindano kubwa, na ni rahisi kuyapita ukipapasa tumbo kwa haraka.

Silaumu wauguzi, na wala sisemi Wizara ya Afya imelala. Mzigo wa kliniki zetu naujua. Lakini swali lenyewe halina gharama, halihitaji mashine wala bajeti ya kaunti. Ni kumwita mama peke yake nyuma ya pazia na kumuuliza: umewahi kufanyiwa operesheni yoyote ya tumbo, hata ile ya kamera, hata ya kupunguza mwili? Ilikuwa lini na wapi? Una barua yoyote? Miaka yote hii tumeshindwa kulifanya liwe la lazima, na hilo linanisikitisha.

5. Mambo mengine, kwa ufupi

Kipimo cha kisukari cha kunywa gramu 75 za glukosi kinaweza kumwangusha mama aliyepasuliwa, hasa wa operesheni ya kuunganisha utumbo. Sukari inashuka utumbo kwa kasi, anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, anazimia kwenye benchi. Badala yake apime sukari ya kidole kwa wiki moja kati ya wiki ya 24 na 28, kabla ya kula na saa moja baada ya kula.

Kutapika kunakoendelea kusiitwe mimba changa tu. Vitamini B1 huisha mwilini kwa wiki chache, na dripu ya glukosi ikitangulia kabla ya B1 inaweza kudhuru ubongo. B1 kwanza, glukosi baadaye.

Maumivu makali ya tumbo kwa aliyeunganishwa utumbo yanaweza kuwa utumbo umepenya na kujinyonga ndani. Asiambiwe ni uchungu wa uongo. Apelekwe kwa daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna hili pia. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko hupandisha himoglobini. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kiasi fulani kipunguzwe kwenye kipimo kabla ya kuamua. Mama wa Suam mwenye 11.2 anaonekana mzima kwenye karatasi, lakini huenda ana upungufu wa damu. Ongezeni udongo na mawe ambayo wajawazito wengi hula, pamoja na chai nzito anayomezea vidonge vya chuma, mwone chuma kinavyopotea.

Na Bungoma, ambako SP hutolewa kuzuia malaria: mwenye BMI ya 30 na zaidi hushauriwa miligramu 5 za foliki asidi hadi wiki ya 12. Dozi hiyo kubwa hudhoofisha SP. Ikomeshwe kabla ya SP ya kwanza, aendelee na mikrogramu 400 zilizomo kwenye kidonge cha kawaida.

6. Mapendekezo

Swali la upasuaji liulizwe kila mjamzito katika hudhurio la kwanza, akiwa peke yake, na lirudiwe katika la pili kwa sababu wengine husema wakishatuamini.

Mama akiomba jibu lisiandikwe wazi kwenye kijitabu, maelezo yawekwe kwenye rejista ya kliniki na kwenye barua ya rufaa iliyofungwa. Siri yake ni haki yake.

Hospitali zinazofanya upasuaji huu zimpe kila mwanamke kadi ndogo inayotaja aina ya operesheni, tarehe na namba ya kupiga simu. Naiomba Wizara, kwa heshima, ilifanye hili kuwa sharti.

Kila anapopimwa uzito, utepe nao utumike. Kipimo kikiwa pungufu ya wiki za mimba kwa sentimita 3 au zaidi, apelekwe skeni. Kwa aliyepasuliwa, skeni ya ukuaji ifanywe kila wiki nne hadi sita kuanzia wiki ya 24, ikiwezekana.

Asipongezwe kwa kutoongeza uzito, wala asikemewe kwa kuuongeza. Narudia hili kwa sababu ndilo linalovunjwa kila siku.

Apewe mpangilio wa chakula unaowezekana hapa kwetu: milo sita midogo, yai, omena, maharagwe, ndengu au maziwa lala vikitangulia, kisha sukuma wiki au mrenda, ugali mwisho. Protini isipungue gramu 60 kwa siku. Maji yanywewe nusu saa kabla au baada ya chakula.

Damu ipimwe kila miezi mitatu: himoglobini, ferritini, vitamini B12, vitamini D na kalsiamu, pale maabara inapoweza. Isipoweza, sampuli ipelekwe Eldoret. Vitamini A ya retinoli kwa dozi kubwa isitolewe.

Maafisa wa lishe wamwite mama mkwe au mume, mama akikubali, na kueleza kwa nini sahani ndogo inatosha. Muuguzi asiachiwe kazi hiyo peke yake.

Wanaopanga upasuaji waelezwe mapema kwamba uwezo wa kushika mimba hurudi haraka mwili unapopungua, na kwamba mimba ingoje miezi 12 hadi 24. Vidonge vya kupanga uzazi visitegemewe baada ya operesheni ya kuunganisha utumbo. Kipandikizi cha mkononi au koili ni salama zaidi. Anayejichoma sindano za semaglutidi za kupunguza uzito aache angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto.

Baada ya kujifungua aendelee na vidonge vya vitamini na madini muda wote anaponyonyesha, kwa sababu mama asiye na B12 humnyima mtoto pia. Asiharakishwe kupunguza uzito ndani ya wiki sita za kwanza.

Kliniki za mpakani, Suam na Lwakhakha, zikubaliane na wenzao wa upande wa Uganda juu ya namna ya kupelekeana taarifa, hata kama ni kwa simu tu kwa kuanzia.

Na swali lile la nyuma ya pazia liandikwe kwa kalamu nene na libandikwe ukutani kando ya mizani, kuanzia kliniki za wajawazito za Jumatatu ijayo.