Vijana Wetu Wamalize Chuo



Ndugu zangu vijana, wazazi na walimu wa Uriri, Ramadhan Karim.

Mnalijua kumi la kwanza la mwezi huu: msikiti hujaa mpaka barazani. Likifika kumi la kati, safu zinapungua. Hakuna aliyetangaza kwamba ameacha tarawehe. Alikosa usiku mmoja, akakosa wa pili, basi, ikawa ndiyo hivyo. Vyuo vyetu vya ufundi navyo viko hivyo hivyo. Mwanzo wa mwaka karakana imejaa. Muhula wa pili unahesabu viti vitupu.

Wanakwenda wapi? Tunawajua. Mmoja yuko na bodaboda barabara ya Kisii kwenda Migori. Mwingine anakata miwa, mwingine yuko machimbo ya dhahabu Nyatike. Dada yao yuko nyumbani analea. Jamani, tusiseme hawana akili. Aliyeshindwa na nauli hakushindwa na masomo.

Kwanza, karo. Mwaka 2018 serikali ilipanga karo ya vyuo vya ufundi vya kitaifa iwe shilingi 56,420 kwa mwaka: 30,000 itoe yenyewe, na 26,420 mwanafunzi aweze kukopa HELB. Viwango hubadilika, kwa hiyo uliza ofisi ya chuo chako. Zile tulizozoea kuziita politekniki za vijiji ziko chini ya kaunti kwa Katiba ya 2010, na utaratibu wake ni mwingine. Lakini kote ni mamoja: mkopo na basari haviji vyenyewe. Wako walioacha chuo hata fomu hawajajaza!

Pili, cheti. NITA hupima mafundi kwa daraja la tatu, la pili, halafu la kwanza. Ukiondoka katikati, mkono umejifunza nusu na cheti huna. Kwenye mjengo utalipwa kama kibarua, wala si kama fundi.

Walimu wetu, mwanafunzi aguse kazi wiki ya kwanza. Aunge nyaya, ashone mfuko, achomelee vyuma viwili. Akikaa mwezi mzima ananakili ubaoni, atachoka. Na rejista isiwe ya kutafuta watoro tu. Asipoonekana siku ya pili, mpigie simu. Usianze na "mbona umetoroka?" Muulize, "kuna nini nyumbani?" Deni dogo likijulikana mapema hupangiwa malipo, likifichwa humtoa mtu chuoni.

Wazazi, tuache kusema ufundi ni wa waliofeli. Kijana akisikia hivyo kila jioni, atajitia moyo kwa lipi? Na binti aliyejifungua, bibi au shangazi amshikie mtoto, arudi darasani.

Nasi jamaa wa msikiti, kufuturisha ni kheri kubwa. Lakini mwanafunzi fukara naye ni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Nauli ya muhula mmoja, au boksi la vifaa, huenda ndiyo ikamfikisha kwenye mtihani.

Na wewe kijana uliyeacha, mlango haujafungwa. Nenda chuoni uulize ulipofikia na kilichobaki.

Basi kabla ya Idi, kila mmoja wetu amtafute kijana mmoja aliyeacha chuo, amuulize alikwama wapi, kisha amsikilize mpaka amalize.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleykum.