Kuki Inapotelea Wapi? Kutafuta Kosa Katika Majaribio ya Kiotomatiki ya Kuingia Tovutini



Jaribio la kuingia tovutini likifeli, wengi wetu hukimbilia kukagua nywila. Mara nyingi nywila haina kosa. Mtu akiiandika kwa mkono kwenye kivinjari anaingia. Skripti ikituma herufi zile zile inarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Hapo ndipo wengine huongeza sekunde za kusubiri, au huamuru jaribio lirudiwe hadi lifaulu. Napinga desturi hiyo. Kabla ya kugusa msimbo, ifuatilieni kuki tangu seva inapoitoa hadi inaporudishiwa.

Itifaki ya HTTP haina kumbukumbu. Kwayo kila ombi ni la mgeni. Kwa sababu hiyo Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki mwaka 1994. Seva huituma kwa heda ya Set-Cookie, kivinjari huitunza, kisha huirudisha kwa heda ya Cookie. Kwa hiyo tunauliza: je, ilitolewa? Ilitunzwa? Ilirudishwa?

Napenda kuanza na curl, maana ukiiongezea -v inaonyesha heda zote. Alama ya -c huandika kuki kwenye faili, -b huzisoma. Aliyesahau -c katika amri ya kwanza hana cha kusoma katika ya pili. Faili hilo lina mtego mwingine: kuki yenye sifa ya HttpOnly huandikwa kwenye mstari unaoanza na #HttpOnly_. Skripti inayoruka kila mstari wenye alama ya reli, ikidhani ni maelezo tu, huitupa kuki ya kikao, ile hasa iliyohitajika.

Ukurasa wa kuingia nao hutoa vitu viwili kwa pamoja, kuki na tokeni iliyofichwa ndani ya fomu. Lazima virudi pamoja. Tokeni ya kikao kimoja ikitumwa na kuki ya kingine, Django hujibu 403 na Laravel 419, na nywila haihusiki kabisa. Tena, seva iliyotengenezwa vizuri hubadilisha namba ya kikao mara mtu anapoingia, ili aliyeipandikiza namba ya zamani asinufaike. Kuki hiyo mpya kwa kawaida huja na jibu la 302, kabla ya mtumiaji kuelekezwa kwenye ukurasa mwingine. Anayechungulia jibu la mwisho peke yake hataiona.

Kwenye Selenium, fungua kwanza ukurasa wa tovuti husika ndipo uongeze kuki, la sivyo utapata kosa la kikoa. Angalia pia anwani: kuki ya localhost haitumwi kwa 127.0.0.1, ingawa mashine ni ile ile. Kuki yenye sifa ya Secure kwa kawaida haitumwi kwa HTTP isiyosimbwa. Tangu Chrome 80, ya Februari 2020, kuki isiyotaja SameSite huchukuliwa kuwa Lax, na yenye None bila Secure hukataliwa. Mabadiliko hayo huwaathiri hasa wanaoingia kupitia mfumo wa utambulisho wa kikoa kingine, unaomrejesha mtumiaji kwa ombi la POST.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni jaribio linalofaulu kwa uongo. Seva ikikosa kuki inaweza kumwelekeza mgeni kwenye ukurasa wa kuingia, nao hufunguka kwa 200. Jaribio linaloangalia namba hiyo tu litatangaza kwamba mambo ni shwari. Katika JMeter, mpango usio na HTTP Cookie Manager unaweza kupima kasi ya ukurasa wa kuingia usiku kucha, huku timu ikiamini imepima huduma za ndani. Watumiaji ndio watakaolipia kosa hilo siku mfumo utakapozinduliwa. Basi thibitisheni kitu anachokiona aliyeingia pekee, kisha futeni kuki na mhakikishe mlango unafungwa.

Na mnapohifadhi kumbukumbu za majaribio, andikeni jina la kuki, kikoa na muda wake wa kuisha, si thamani yake. Anayeishika thamani ya kuki ya kikao kilicho hai anaweza kuingia bila kuulizwa nywila, na mafaili ya kumbukumbu husomwa na watu wengi.