Fimbo au bukari: namna ya kufundisha imbwa

Muketi vizuri, na wale walio nyuma wasogee mbele. Siku zingine tulisema habari ya mbegu na ya kupalilia. Leo ninataka kusema habari ya munyama anayelala mulangoni mwa nyumba zetu: imbwa.

Pengine mutu atasema: "Moniteri amekosa maneno. Habari ya imbwa ina faida gani?" Ngojeni kidogo. Sisi tunalima mahindi na mihogo, na tunauzisha katika kampi za wachimba shaba. Nani anakesha shambani wakati nguruwe wa pori wanakuja? Nani anafukuza nyani muchana? Baba akienda kazi ya shaba mpaka mwisho wa mwezi, nani anaonya mama na watoto usiku kama mugeni anakuja? Ni imbwa. Lakini imbwa asiyefundishwa anakula mayai, anaua kuku wa jirani, na anaweza kuuma mutoto. Basi inafaa tujue namna ya kumufundisha.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni fimbo: imbwa akikosa, anapigwa. Ya pili ni zawadi: imbwa akifanya vizuri, anapewa kitu anachopenda. Wengi wetu tunajua ya kwanza tu. Mimi pia niliijua ile tu, nayo iliniletea hasara. Sikilizeni.

Nilikuwa na imbwa, jina lake Simba. Siku moja tulikuwa shambani, akaona kanga, akakimbia. Nikamuita, hakuja. Nikamuita tena, hakuja. Kisha akarudi mwenyewe, akitikisa mukia. Mimi nilikuwa na hasira. Nikamushika, nikamupiga sana, nikisema: "Utajifunza kusikia!" Kweli alijifunza, lakini si neno nililotaka. Kesho yake nilipomuita, alisimama mbali akiniangalia. Hata mukono wangu ukiwa mutupu, hakukaribia. Usiku nguruwe waliingia shambani. Nikamuita twende pamoja, akajificha nyuma ya ghala. Asubuhi nilihesabu mistari sita ya mahindi iliyoliwa.

Kosa lilikuwa la nani? Lilikuwa langu. Imbwa hawezi kuwaza: "Ninapigwa sasa sababu nilikimbia ile saa." Yeye anaunganisha maumivu na jambo analofanya wakati ule ule. Na Simba alikuwa anafanya nini? Alikuwa anarudi kwangu. Basi nilimufundisha kwamba kurudi kwangu ni kubaya.

Wazee walitusimulia habari ya kazi za zamani zilizofanywa kwa fimbo. Kapita akiangalia, majembe yote yanapanda na kushuka. Kapita akigeuka, majembe yanalala. Imbwa ni vile vile. Ukimupiga sababu ya mayai, ataacha mayai wakati uko pale, ukienda, atayala. Fimbo inaweza kumuzuia kwa saa ile, lakini haimuonyeshi kitu gani afanye.

Tena iko hatari kubwa. Imbwa anayenguruma anasema kwa lugha yake: "Niache, ninaogopa." Ukimupiga kila anaponguruma, atanyamaza, lakini woga utabaki ndani. Siku nyingine mutoto atamukanyaga, naye atauma bila kuonya kwanza. Basi imbwa akinguruma, muondoe mutoto pale, kisha utafute sababu: pengine imbwa ana kidonda, pengine anakula. Na kama ameuma mutu, osheni kidonda mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15. Kisha mumupeleke dispansari siku ile ile, apate sindano za kuzuia kichaa cha imbwa. Musingoje, kwa maana dalili za ugonjwa ule zikionekana, karibu kila mutu anakufa.

Haya si maneno yangu tu. Huko Ureno, wenye elimu walichunguza imbwa 92 katika shule 7 za kufundisha imbwa, wakatoa habari yao mwaka 2020. Shule zingine zilitumia zawadi, zingine zilitumia maumivu na vitisho. Walipima mate ya imbwa, kwa maana ndani ya mate inaonekana kama munyama ana wasiwasi. Wale waliofundishwa zaidi kwa maumivu walikuwa na wasiwasi kuliko wale wa zawadi.

Na huko Morogoro, katika inchi ya Tanzania, wanafundisha panya wakubwa wa pori kunusa mabomu yaliyofukiwa udongoni. Hawawafundishi kwa kuwapiga. Panya akinusa vizuri, anasikia mulio mudogo, mara anapewa chakula kama ndizi. Panya mumoja, jina lake Magawa, alifanya kazi ile katika inchi ya Kambodia, na mwaka 2020 alipewa medali ya zahabu kutoka Uingereza. Kama panya anafundishwa kwa ndizi, imbwa atashindwa kufundishwa kwa bukari?

Sasa mushike maneno haya matano.

La kwanza: anza imbwa akiwa mudogo. Tengeneza vipande vya bukari kama punje ya mahindi, ao vichwa vya ndagala. Muite jina lake mara moja tu. Akija, mupe pale pale, umusifu. Ukikawia, hatajua unamulipa sababu gani. Usiongeze chakula, toa vipande vile katika chakula chake cha kila siku.

La pili: akirudi kwako, hata akikawia, usimupige kamwe. Kurudi kuwe kuzuri siku zote.

La tatu: habari ya kuku. Mufunge imbwa kwa kamba, kuku wapite mbali. Akiacha kuku na kukuangalia wewe, mupe kipande. Kila siku usogee karibu kidogo. Usimufungue mbele ya kuku mpaka umeona siku nyingi kwamba hawataki tena. Na mayai yafunikwe vizuri, kwa maana yai analoiba ni zawadi pia.

La ine: nyumba nzima itumie neno moja. Baba akisema hivi, mama akisema vile, imbwa atachanganyikiwa. Baba anayekwenda kazi ya shaba amufundishe bibi yake na watoto wakubwa neno lile kabla ya kusafiri.

La tano: akijua kazi vizuri, punguza bukari polepole, lakini usiache kabisa. Wewe ungefanya kazi mwaka muzima bila mushahara?

Simba nilimuanza upya kama mutoto. Nilikaa chini, nikatupa vipande karibu naye, sikumufuata. Ilipita miezi miwili mbele ya yeye kuja mpaka mukononi mwangu. Fimbo ya siku moja, na kazi ya miezi miwili kuifuta.

Nimemaliza. Kesho asubuhi, mbele ya kwenda shambani, kila mutu amuite imbwa wake mara moja. Akija, mumupe. Akisimama mbali, mujiulize ni nani aliyemufundisha hivyo. Mwenye swali asimame aulize.