Chupa ya Usiku na Meno ya Wajukuu Wetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa hekalu na majirani katika hafla ya maadhimisho, Arusha)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya jambo lihusulo afya ya watoto. Niliwakumbusha kwamba mimi ni mtu wa duka, elimu yangu iliishia sekondari, na umri wangu nimeumaliza nyuma ya kaunta. Hata hivyo nimekubali, kwa sababu kuhusu meno ya watoto wadogo ninalo kosa la kuungama na funzo nililolinunua kwa bei kubwa.

Kila jioni, baada ya kufunga duka, nilikuwa nikimpakata mjukuu wangu. Yeye huniita Dada, ndivyo Wagujarati tumwitavyo babu mzaa baba, na majirani hucheka sana wasikiapo. Tangu alipotimiza mwaka mmoja nilimtengenezea maziwa ya moto kwa mkono wangu mwenyewe, nikayatia vijiko viwili vya sukari na iliki kidogo, nikayamimina katika chupa, naye akalala akiinyonya. Mkamwana wangu alinisihi zaidi ya mara moja niache sukari. Nilimjibu kwamba sote tulilelewa hivyo.

Alipofika miaka mitatu, meno yake manne ya mbele ya juu yalikuwa yamegeuka rangi, kisha yakaanza kumomonyoka. Nyumbani hatukushtuka. Tulisema, "Ni maji ya Arusha." Siku moja usiku aliamka akilia, shavu limevimba. Asubuhi tulimpeleka kwa daktari wa meno. Nikamweleza habari ya maji. Daktari akamtazama mtoto, akaniambia kwa upole, "Mzee, maji ya Arusha hupaka meno rangi, hayayaozeshi. Huyu mtoto hulala na nini kinywani?" Mkamwana wangu aliinamisha macho, hakunitaja. Ikanibidi nijibu mwenyewe. Meno yote manne yaling'olewa huku nimemshika mikono. Katika picha zetu za Diwali ya mwaka ule, yeye peke yake amefumba mdomo.

Ndugu zangu, naomba tutenganishe mambo mawili ambayo hapa mjini kwetu huchanganywa. Ni kweli kwamba maji ya sehemu nyingi za Arusha na kando ya Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa miaka ya mwanzo, wakati meno yake ya kudumu yangali yakijengeka ndani ya ufizi, meno hayo hutoka na madoa meupe au ya kahawia. Magadi tupikiayo maharage na makande nayo yana floraidi. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kwa mtoto mchanga. Lakini kuoza ni jambo jingine. Jino lenye madoa laweza kuoza, na jino jeupe pe laweza kuoza pia. Tukiyasingizia maji kila kitu, tunaacha kuitafuta sukari.

Daktari alinifafanulia jinsi jino linavyooza. Kinywani mwa kila mtu wamo bakteria. Wapatapo sukari huigeuza kuwa tindikali, na tindikali hiyo hulainisha ganda gumu la nje la jino kwa muda wa nusu saa hivi. Baadaye mate huisafisha na kurudisha madini yaliyopotea. Kwa hiyo idadi ya nyakati ambazo sukari huingia kinywani ina uzito mkubwa kuliko wingi wake. Mtoto alaye laddu mbili pamoja na chakula cha mchana hupata shambulio moja. Mtoto amung'unyaye pipi moja moja tangu asubuhi hadi jioni hayapi meno yake nafasi ya kupona. Na usiku mate hupungua. Ndiyo maana chupa ya kulalia ina madhara kuliko vyote. Maziwa yenye sukari huyazunguka meno ya juu hadi alfajiri, ilhali ya chini hukingwa na ulimi.

Wengine husema, "Si ya utotoni tu? Yatang'oka." Nami nilisema hivyo. Ya mbele hung'oka kuanzia miaka sita, lakini magego ya utotoni hukaa hadi miaka kumi au kumi na miwili. Tundu la miaka minne laweza kumtesa mtoto kwa miaka mingi: halali, hali, hasikilizi darasani. Tena meno hayo huyatunzia nafasi yale ya kudumu. Na mjue kwamba magego ya kwanza ya kudumu huota karibu na miaka sita, nyuma kabisa, pasipo jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni ya utotoni, yakaachwa yaoze.

Sasa nawageukia majirani zetu. Kwa miaka mingi mmewatuma watoto wenu dukani kwangu kununua chumvi na sabuni. Chenji ndogo ikikosekana, niliwapa pipi. Chenji ikiwapo, niliwapa pipi kama nyongeza, nikaona nimetenda wema. Wapo hapa leo watu wazima waliokua kwa pipi zangu. Nawaomba radhi. Mtungi ule nimekwisha kuuondoa kwenye kaunta.

Yafaayo kutendwa si ya gharama. Jino la kwanza likitokeza, kwa kawaida karibu na miezi sita, lianze kusafishwa. Pigeni mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, na baada ya ule wa usiku kisiingie kitu kinywani ila maji. Tumieni dawa ya meno yenye floraidi: kwa aliye chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele, kuanzia mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Hapa kwetu msizidishe, mfundisheni mtoto kutema wala asimeze, na mwulizeni daktari wa meno ushauri kulingana na maji mnywayo. Mkono wa mtu mzima uushike mswaki hadi mtoto atimize miaka saba hivi. Babu yangu alitumia kijiti cha mwarobaini maisha yake yote, nami nakiheshimu, lakini mtoto wa miaka miwili hakiwezi.

Mara moja kwa mwezi inueni mdomo wa juu wa mtoto, mtazame penye mwanga. Mkiona mstari mweupe kama chokaa kando ya ufizi, huo ndio mwanzo wa kuoza, na hapo jino laweza bado kuokolewa pasipo kutobolewa. Mpelekeni kwa daktari wa meno kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, wala msingoje maumivu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu hekalu letu, sisemi tuondoe mithai. Diwali bila penda na jalebi haiwi Diwali. Nasema vitamu viliwe pamoja na mlo, kisha maji yafuate. Siku za kawaida, prasad ya watoto iwe ndizi na nazi, vitu ambavyo tangu zamani vimo katika sahani zetu za sadaka. Nami kwa upande wangu naahidi mbele yenu kwamba miswaki midogo ya watoto itauzwa dukani kwangu kwa bei ileile niliyonunulia, bila faida hata ya senti moja, kwa kila mtoto wa mtaa huu bila kuuliza dini yake.

Mjukuu wangu sasa ana miaka saba. Meno mapya mawili ya mbele yamechomoza, yana madoa meupe kidogo ya Arusha, lakini ni mazima. Kila usiku hunijia na mswaki wake, nami humpigisha. Wazee wenzangu, mapenzi yetu kwa wajukuu tusiyapime kwa vijiko vya sukari.