Mafunjo, Masizi na Mikate Mia

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo la shuleni: namna ya kuwafundisha watoto wa miaka 11 hata 14 habari za Misri ya kale, si kwa kinywa peke yake, bali kwa kazi ya mikono yao wenyewe. Haya tutakayowaeleza tumeyafanya; tena tuliyakosea kwanza, ndipo tukayapata.

Sisi ni walimu wa shule iliyo karibu na Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi tulifundisha habari za Misri kama tulivyofundishwa sisi. Tuliandika ubaoni majina ya wafalme, watoto wakayanakili. Tukauliza, wakajibu kwa sauti moja kama kasuku. Mtihani ulipokwisha, majina nayo yakaisha. Siku moja tuliwauliza watoto waliokwisha kusomeshwa habari hizo, "Je, ni nani waliojenga mapiramidi?" Mmoja akasema ni majini. Wa pili akasema ni majitu. Wa tatu akasema ni watumwa waliokuwa wakipigwa mijeledi usiku na mchana. Hapakuwa na hata mmoja aliyesema kwamba walikuwa watu kama baba yake, watu wa kuumwa mgongo na kungoja chakula cha jioni. Hapo tukatambua ya kuwa tumewafundisha watoto mawe, wala hatukuwafundisha watu.

Basi tukashauriana. Shule nyingi huwapa watoto udongo wafinyange piramidi ndogo. Kazi hiyo si mbaya, lakini mtoto akiisha kuifanya hujua umbo la piramidi tu, na umbo alikuwa akilijua tangu zamani kwa kuona picha. Sisi tukachagua kazi nyingine: watoto watengeneze karatasi ya mafunjo, watengeneze wino, kisha waandike juu yake hesabu ya chakula cha wafanya kazi. Maana Misri ilijengwa kwa kalamu kama ilivyojengwa kwa nyundo.

Ushahidi wa neno hili upo. Mwaka 2013, pwani ya Bahari ya Sham, mahali paitwapo Wadi al-Jarf, wataalamu walioongozwa na Pierre Tallet wa Ufaransa walifukua vipande vya mafunjo vilivyoandikwa zama za Mfalme Khufu, yapata miaka 4,500 iliyopita. Hakujaonekana bado mafunjo yenye maandishi yaliyo ya kale kuliko hayo. Mmoja wa walioacha habari zao humo aliitwa Merer, msimamizi wa kikosi cha mabaharia. Siku kwa siku imeandikwa jinsi kikosi chake kilivyopakia mawe ya chokaa huko Tura na kuyachukua kwa mashua hata Giza, ilikokuwa ikijengwa piramidi kubwa. Pamoja na habari hizo zilionekana hesabu za vyakula walivyoletewa. Kadhalika huko Giza kwenyewe wachimbuzi wameonyesha mji wa wafanya kazi, wenye matanuri ya mikate, na makaburi yao karibu na makaburi ya mabwana wao. Katika mifupa yao kuna iliyovunjika ikaungwa vizuri, alama ya kwamba waliuguzwa. Kazi yao ilikuwa nzito, wala wengi hawakujichagulia. Lakini walikula, na kila walichokula kiliandikwa.

Kazi ya kwanza, basi, ilikuwa karatasi. Tulishuka na watoto hata kinamasi cha ziwa, tukakata mafunjo. Tulipokuwa tukikata, mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mafuriko yaliyokuwa yakiinywesha Misri, je, yalitoka katika ziwa letu hili?" Tukamwambia: maji ya ziwa letu hutoka Jinja, hupita Uganda, Sudan Kusini na Sudan, mpaka Misri, lakini hayo huenda taratibu mwaka mzima. Mafuriko yenyewe, na ule udongo mweusi ulioyarutubisha mashamba, yalitoka hasa katika milima ya Habeshi kwa mvua kubwa za huko. Leo hayafiki tena mashambani, kwa kuwa bwawa kuu la Aswan, lililomalizika mwaka 1970, huyazuia. Mtoto yule alitazama maji kwa kitambo, kisha akasema, "Basi sisi ndio tuliowapa maji ya kiangazi." Hakika hakukosea.

Tuliporudi shuleni tukafanya kama tulivyosoma. Tuliambua ganda la kijani, tukapasua kiini cheupe tepe nyembamba, tukazipanga sambamba ubaoni, moja ikigusa nyingine, na juu yake tukapanga tepe nyingine kwa kuzikingamisha. Tukazigonga kwa nyundo ya mti, tukazianika juani. Asubuhi tulikuta kitu kilichojikunja kama jani la mgomba lililokauka, tepe zimeachana, na watoto wanacheka chini chini. Tuliona haya.

Katika darasa lile alikuwamo binti mmoja asiyepata kuinua mkono kujibu swali. Siku ile akainua. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu anajua mafunjo." Baadhi ya wenzake wakacheka tena, maana mama yake alifuma majamvi ya mafunjo na kuyauza sokoni, na kazi hiyo watoto wa shule huiona duni. Tukawanyamazisha, tukatuma kumwomba mama yule aje.

Alikuja kesho yake na kisu chake. Watoto wakasimama wakasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, wanangu." Akaitazama kazi yetu, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Walimu wangu, mmekata funjo lililozeeka, tena mmekata juu. Kata lililo changa, mchukue sehemu ya chini iliyokuwa majini. Lipasue siku ile ile, utomvu ungalimo. Nalo jua ni adui. Kianikeni kivulini, tena chini ya mawe." Yeye hakupata kutengeneza karatasi maisha yake, lakini aliyajua mafunjo kuliko kitabu chetu. Tukafanya kama alivyosema, tukaweka vitambaa juu na chini, tukavibadili kila siku. Baada ya siku kadha tulifunua mawe, nayo karatasi ikatoka, ya rangi ya maziwa ya kuchemka, imeshikana kwa utomvu wake yenyewe. Tangu siku ile binti yule hakuketi tena nyuma.

Tukawaambia watoto wasione haya kwa kushindwa mara ya kwanza. Huko Misri kwenyewe kazi hiyo ilisahauliwa, na mafunjo yenyewe yalikuwa karibu kutoweka. Katika miaka ya 1960 Bwana Hassan Ragab, mhandisi wa Kimisri aliyepata kuwa balozi, alileta miche kutoka Sudan, akaipanda, akajaribu mpaka akaifufua kazi ya wazee wake.

Kazi ya pili ilikuwa wino. Watoto walikwangua masizi katika vyungu vya nyumbani, wakayachanganya na maji na gundi ya mgunga; huo ndio wino mweusi. Kwa wino mwekundu walisaga ngeu, ule udongo ambao maseremala huutumia kupigia mistari. Makarani wa Misri waliandika kwa wino mweusi, na vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Kalamu yao ilikuwa unyasi wa majini uliotafunwa ncha hata ukawa kama brashi. Tukawafundisha watoto tarakimu zao: moja ni kijiti, kumi ni mfano wa upinde ulioinama, mia ni kamba iliyozongwa, na elfu ni ua la yungiyungi. Hizo ndizo zilizochongwa mawenye. Juu ya mafunjo karani mwenye haraka alizifupisha, kama sisi tunavyofupisha mwandiko.

Kazi ya tatu ndiyo iliyokuwa kiini cha yote. Katika jumba la makumbusho la London, liitwalo British Museum, kuna hati ya mafunjo ya hesabu, iliyonakiliwa na karani aitwaye Ahmose yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Humo mna swali hili: mikate 100 igawanywe kwa watu 10, lakini baharia, nyapara na bawabu kila mmoja apate mara mbili ya mwenzake.

Watoto wakafinyanga mikate 100 ya udongo. Tukachagua watu 10, saba wakawa wafanya kazi, na watatu wakapewa vyeo vile. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mvulana mmoja aliyekuwa mfanya kazi akasema, "Bawabu hukaa kivulini tu. Kwa nini apate mara mbili yangu mimi ninayevuta jiwe?" Bawabu akajibu, "Nisipolinda mlango, wewe utakuta mikate?" Mwingine akasema kwamba nyapara ana haki, lakini baharia hana, na watoto wa wavuvi wakamkemea, maana wao walijua kazi ya majini ilivyo. Tukawaacha wasemezane. Hatukuwaambia nani ana haki, kwa sababu swali lile ni la miaka mingi kuliko sisi, na hata leo kila mahali penye mshahara lipo.

Kisha wakagawanya. Wafanya kazi saba wana mafungu 7, wenye vyeo watatu wana mafungu 6. Jumla mafungu 13. Kila fungu likapata mikate 7; hiyo ni mikate 91, ikabaki 9. Wafanyeje? Msichana mmoja akashauri kila mkate ukatwe vipande vitatu. Wakapata vipande 27. Kila fungu likatwaa vipande viwili, vikaenda 26, kikabaki kipande kimoja. Wakakikata kipande kile mara 13, kila fungu likapata chembe moja. Basi fungu moja likawa mikate 7, na theluthi mbili, na sehemu moja ya 39. Tulipowafunulia jawabu la Ahmose, likawa ndilo hilo hilo, neno kwa neno. Darasa likanyamaza kwanza, kisha likapiga makofi. Na yule mvulana aliyegombana na bawabu alishika chembe yake ya udongo kwa ncha ya vidole, akasema, "Ni ndogo, lakini ni haki yangu. Iandikwe." Ikaandikwa, kwa masizi, juu ya karatasi ya mafunjo.

Mwishoni mtoto mmoja akauliza, "Na kama mikate haikuletwa?" Tukamweleza habari iliyoandikwa pia juu ya mafunjo, na hati yake ipo Turin, nchi ya Italia. Katika mwaka wa 29 wa Mfalme Ramses wa Tatu, yapata mwaka 1157 kabla ya Kristo, mafundi waliochimba makaburi ya wafalme walicheleweshewa posho yao. Wakaacha zana, wakatoka kijijini mwao, wakaenda wakaketi karibu na mahekalu, wakisema kwamba ni njaa na kiu vilivyowaleta, na kwamba Firauni apelekewe habari. Karani akayaandika hayo yote. Hawakuwa na silaha. Walikuwa na hesabu. Walijua wanachodai ni kiasi gani, kwa kuwa kilikuwa kimeandikwa.

Ninyi walimu mtakaotaka kuifanya kazi hii, shaurini ni machache. Msiifanye kwa saa moja. Sisi tulichukua majuma matatu. Kama mafunjo hayapo kwenu, tumieni karatasi yo yote, lakini wino na mikate visikose. Mwiteni mzazi ajuaye kazi ya mikono, asimame mbele ya darasa. Wala msiogope kukosea mbele ya watoto. Karatasi yetu iliyoharibika tumeitundika ukutani karibu na ile iliyofaa, na watoto huitazama ile mbaya zaidi.

Baada ya kazi hiyo tuliwauliza tena, "Ni nani waliojenga mapiramidi?" Mvulana yule wa chembe akasimama, akajibu: "Ni watu waliohesabiwa mikate yao." Jawabu hilo halimo katika kitabu cho chote tulichokuwa nacho, wala hatukumfundisha. Ndipo tukajua kwamba safari hii somo limeingia.